Nilivyowaondoa mchwa kwenye nyumba yangu, Goba

Nilianza kuhisi kitu kwenye fremu ya mlango wa stoo, rangi ilikuwa imevimba kidogo chini kama imepata maji, nikaibonyeza kidole kikazama. Nikachukua bisibisi nikaanza kuigonga toka chini kwenda juu, chini inalia kama debe tupu, juu bado mbao nzima. Nikasogeza kabati, aisee, nyuma yake kuna njia ya udongo nyembamba imetokea kwenye kona ya sakafu inapanda ukutani hadi kwenye fremu.

Ukiona hiyo njia ya udongo usiifute kwanza. Mchwa ana ngozi laini, hewa kavu inamuua, ndo maana anajijengea korido ya kupita toka ardhini. Mi nilivunja kipande kidogo katikati nikaacha, vikatoka vidude vyeupe na askari wenye vichwa vya kahawia, kesho yake nakuta wameshaziba kwa udongo mbichi. Hapo nikajua wapo kazini, maana kuna njia nyingine unazikuta kavu, walishahama zamani.

Halafu vuli ilipoanza nilikuwa nafagia mabawa dirishani, na watu wengi hawajui kwamba kumbikumbi ni mchwa haohao, wanatoka kwenda kuanzisha makazi mapya na wakitua mabawa yanadondoka. Usichanganye na sisimizi wenye mabawa, yule kiuno kimebanwa na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma, kumbikumbi hana kiuno na mabawa yote manne yanalingana.

Jirani aliniambia nimwage oili chafu yaishe. Nikakataa, tunatumia maji ya kisima huku, oili ikishaingia ardhini haitoki.

Fundi niliyemwita nilimpenda kwa sababu hakukimbilia bomba la dawa, alizunguka nyumba nzima kwanza. Nje ya ukuta wa stoo akakuta bomba la sinki linavuja pole pole, mabanzi waliyoacha wajenzi yameegemea ukuta, na udongo wa bustani umepanda mpaka juu ya msingi. Akaniambia, "Dada, hawa wa ukutani ni vibarua tu, malkia yuko chini huko anataga mayai maelfu kwa siku, ukipuliza hawa atakuletea wengine."

Kwa hiyo bomba likazibwa, mabanzi yakaondoka, udongo ukashushwa msingi ukaonekana. Baada ya hapo ndo tukachimba mtaro kuzunguka msingi, dawa ikachanganywa kwa kipimo cha kwenye lebo ikamwagwa humo na udongo wa kurudishia nao ukaloweshwa. Ndani walitoboa sakafu kwa drili kando ya ukuta, wakamimina dawa kwenye matundu, wakaziba na simenti. Dawa yenyewe ilikuwa ya fipronil, mchwa hawaihisi kwa hiyo hawaikimbii, wanapita juu yake wanaenda kuambukizana. Nilihakikisha imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, na kisima chetu kiko mbali na nyumba, kingekuwa karibu na ukuta nisingekubali kabisa, hilo mwambie fundi mapema kabla hajafungua dumu. Watoto na kuku nao walihamia kwa dada yangu mpaka pakauke.

Fremu mpya nimeweka ya mninga, paini isiyotiwa dawa kwao ni ugali. Na angalia dari pia, jipsamu ina karatasi na karatasi wanakula. Kabati zote sasa hazigandi ukutani, na mvua zikianza nazunguka msingi na tochi.

Kama huoni udongo popote ila chini ya kitanda au kochi kuna chenga chenga ngumu kavu, hao ni mchwa wa mbao kavu, wanaishi ndani ya mbao yenyewe wala hawahitaji ardhi, mtaro hauwagusi. Hicho kifaa kitoe nje haraka, hasa kama ulikinunua mtumba, kabla hawajaingia kwenye kenchi za paa.