Nyuki aliyelala nje

Juzi jioni nilikuwa nabandua mbegu za kishona nguo kwenye soksi za mwanangu. Akachukua moja, akagusa vimiiba vya nchani, akauliza, "Baba, ua lake likoje?" Sikumjibu mara moja. Swali lilikuwa limeshanirudisha kwenye ile bustani ya jiji, mwaka ule niliokuwa nikisubiri simu kila siku.

Nilikuwa nakwenda pale nikitoka kazini, nikakaa pembeni kabisa, kwenye uzio, ambako mashine ya kukatia nyasi ilikuwa haifiki. Mwanzoni kila kilichoruka nilikiita nyuki. Baadaye nikajifunza kutulia na kuhesabu mabawa: nyuki ana jozi mbili, nzi ana moja. Wale wenye mistari ya njano, waliotulia hewani kama wametundikwa kwa uzi, kumbe walikuwa nzi, hata mwiba hawana. Nikajua pia kwamba lile duara la njano la kishona nguo si ua moja, ni vijiua vingi vilivyobanana, kila kimoja na mbochi wake, yale maji matamu ya ua.

Siku hiyo nilichelewa kuondoka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya majengo nilipomwona nyuki mdogo, mfupi kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, ameuma bua la nyasi. Alilishika kwa taya tu. Miguu ameikunja tumboni, haigusi kitu, na mwili wote umechomoza pembeni kama chipukizi. Nikadhani amekufa. Nikasogeza uso mpaka nikaona manyoya ya mgongoni, na chembe mbili tatu za chavua zilizonasa humo. Pumzi yangu ilipomfikia, kipapasio kimoja cha kichwani kikainuka, kikatikisika, kikashuka polepole.

Alikuwa amelala.

Si nyuki wote wenye mzinga. Wako wanaoishi kila mmoja peke yake: jike huchimba kishimo cha kutagia na kulala humo, dume hana pake. Giza likimkuta, huuma bua na kungoja jua limpashe moto. Sikuwahi kufikiri kwamba mdudu naye huhangaikia pa kulala. Nilichuchumaa pale mpaka giza likamficha machoni pangu. Simu iliita mfukoni, sikuipokea. Ilikuwa ndiyo ile.

Asubuhi nikapita mapema. Pembe yote ilikuwa imefyekwa hadi kwenye uzio, nyasi zimelala chini, zingali mbichi. Kwa macho ya aliyefyeka yalikuwa magugu, na pengine hakukosea. Lakini nilisimama pale na hasira isiyo na wa kupewa, na mpaka leo sijui kilichotangulia kumfikia ni jua au mashine.

"Baba, ua lake?"

"Dogo," nikamwambia. "Katikati la njano. Kesho nitakuonyesha."

"Asubuhi?"

"Hapana, mwanangu. Twende jioni, jua likizama."