Kifaa kiliganda na GCC, neno moja likakinasua

Nimepumua, acha niandike kabla sijasahau. Nina kifaa cha kupima joto kwenye banda la kukaushia dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, chenye chipu ya ARM (aina ya kichakataji kidogo). Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya kulipia, toleo la majaribio, iligoma programu ilipovuka KB 32. Pesa ya leseni sina. Nikahamia GCC, kompaila ambayo ni huria tangu 1987.

Ikajenga bila kosa hata moja, ila kifaa kikawa kinawaka na kuganda. Nikabadilisha waya, nikabadilisha chipu, wapi! Nikajaribu kuzima uboreshaji (kompaila kuufupisha na kuuharakisha msimbo) kwa chaguo la -O0: kikafanya kazi. Nikirudisha -Os, chaguo la kuufanya msimbo uwe mdogo, kinaganda.

Hapo ndipo nilipopata pa kushika. Kulikuwa na kibadilika (jina linaloshika thamani) nilichokiita tayari, kinachobadilishwa na intarapti (tukio linalokatiza programu kwa muda) huku main, sehemu kuu ya programu, ikikisubiri kwenye kitanzi. GCC, ilipoona ndani ya kitanzi hakuna anayekigusa, ilikisoma mara moja tu, ikabaki na thamani ile ya zamani milele. Nikaandika:

volatile int tayari;

Basi. Neno volatile linaiambia kompaila ikisome kibadilika upya kila mara. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Kompaila ya kwanza nilikuwa naitumia bila uboreshaji, likajificha. Dagaa wanakauka.