Oili ikigeuka nyeupe, tazama pampu ya maji kabla ya kufungua hedi

Nahodha akiniambia oili ya injini imekuwa kama chai ya maziwa, la kwanza ninalomwambia ni asipige stata. Maji yaliyoingia kwenye oili huenda yako juu ya pistoni pia, na maji hayashindiliki. Ukilazimisha, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Toa nozeli za kupulizia dizeli kwanza ili maji yapate pa kutokea, kisha zungusha injini kwa mkono.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mwalo wa Deep Sea, hapa Tanga, kwenye mashua ya wavuvi yenye dizeli ya silinda mbili, ile inayopozwa na maji ya bahari moja kwa moja. Nahodha alishaambiwa gasketi ya hedi, yaani ya kifuniko cha juu cha silinda, imekufa, na alishaanza kutafuta pesa.

"Fundi, niagize gasketi?"

"Subiri kidogo, Nahodha. Hatujajua maji yamepita wapi."

Stiki ya kupimia oili ilionyesha oili imepanda juu ya alama, na hakuna aliyeongeza. Injini ilikuwa imelala usiku kucha, kwa hiyo nililegeza nati ya kumwagia oili taratibu. Yalitangulia maji, kwa sababu ni mazito kuliko oili na hushuka chini. Niliyakinga kwenye kopo nikayachemsha mpaka yakakauka, na chini ukabaki ukoko wa chumvi. Basi si mvua iliyopenya sitahani, wala si unyevu tu. Ni bahari. (Kama maji yamechanganyika kabisa na hayajitengi, dondoshea tone la oili kwenye bati la moto: lenye maji hutatarika.)

Bahari ina njia chache za kuingia. Niliuliza kama walipiga stata muda mrefu injini ikakataa kuwaka, maana hapo maji hujaa kwenye ekzosi na kurudi nyuma kupitia valvu. Hapana. Nikahamia kwenye pampu ya maji, na hapa ndipo ninapowasihi mafundi wenzangu mtulie. Pampu nyingi za aina hii zina sili mbili, moja ya maji na moja ya oili, na katikati yao kuna kitundu. Sili ya maji ikichoka, maji hudondokea nje hapo, ukayaona; kitundu kikiziba, maji husukuma kupita sili ya oili hadi ndani ya injini. Kitundu cha mashua hii kilikuwa kimezibwa na rangi mpya. Nilipokichokoa kwa waya yakatoka maji yenye oili. Tulipoifungua pampu, shafti ilikuwa imelika kwa kutu pale sili inapokaa.

Tulibadilisha shafti na sili zote mbili. Hedi haikuguswa.

Kusafisha ndiko kusikosubiri, kwani chumvi hula beringi hata injini ikiwa imezimwa. Tulimwaga oili yote, tukaweka filta mpya na oili ya bei nafuu, tukaiendesha bila mzigo mpaka ikapata moto, tukamwaga tena. Tulirudia hivyo mpaka oili ikatoka bila weupe, ndipo tukaweka ile nzuri. Sasa Nahodha anachomoa stiki kabla ya kila safari. Weupe ukirudi, hapo nitafungua hedi.