VALUE au CONST? Nilivyozuia kiasi kubadilika chenyewe kwenye RPG

Watu wa AS/400 (mfumo wa kompyuta za biashara wa IBM, siku hizi IBM i) hii inawahusu. Nilikabidhiwa programu ya benki moja iliyoandikwa kwa RPG (lugha ya programu ya mifumo hiyo), mteja akitoa 50,000 risiti inaandika 48,500 wakati kwenye faili la miamala kila kitu kiko sawa.

Nikapiga STRDBG (amri ya kuanzisha debaga), nikasimamisha pale inapoitwa prosija ya makato (kipande cha kodi kinachokokotoa makato), EVAL kiasi, yani kuangalia thamani yake, ikanipa 50000, F10 kwenda hatua moja mbele, EVAL tena, 48500. Kumbe ndani kuna jamaa kaandika kiasi = kiasi - makato, na RPG usipoiambia kitu haipeleki kopi, inapeleka adresi ya pale thamani ilipo kwenye memori, kwa hiyo alikuwa anachezea kiasi cha aliyemwita.

Nikaanza na CONST, sio kama dawa, nilitaka tu kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) inisakie wahusika, maana ukiweka CONST mstari wowote unaobadilisha ile parameta kodi inagoma kukompaili na mstari unaonyeshwa. Nilipoona ile mistari iko mingi nikahamia VALUE, inayopeleka thamani badala ya adresi, prosija ipewe kopi yake ihangaike nayo huko huko.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Prosija ilikuwa kwenye service program (maktaba ya prosija zinazotumiwa na programu nyingi), na signature yake, alama ambayo mfumo unaitumia kukagua kama programu na maktaba bado zinaendana, inatokana na majina ya prosija inazotoa nje, parameta hazimo kabisa, yani ukisahau kukompaili waitaji (programu zinazoiita) mfumo hausemi kitu, programu ya zamani inapeleka adresi na prosija inaisoma kama vile ni hela. Kwenye benki, fikiria. Nikatoa orodha ya programu hizo kwa amri ya DSPPGMREF, zote nikazikompaili upya na prototaipu mpya (maelezo ya jinsi prosija inavyoitwa) inayoingizwa kwa /COPY, zikapanda usiku mmoja.

Ikabaki programu moja nzee inayoitwa kwa EXTPGM (yani kama programu nzima, sio prosija), source haijulikani iliko, na kwenye EXTPGM VALUE haikubaliki. CONST inakubalika ila ni ahadi ya upande wa mwitaji tu, variebo ikilingana aina na urefu bado inaenda adresi yake halisi na yule wa ndani akitaka anaibadilisha. Basi nikaiacha CONST ibaki na pale pa kuita nikaandika kiasi + 0, hiyo ni hesabu sio variebo, kompaila inalazimika kutengeneza ya muda na kupeleka hiyo. Sura mbaya kweli, nikaiwekea komenti asije mtu akaifuta akidhani anasafisha kodi.