Mwani wa Bibi wa Spiddal

Novemba 2014 nilikuwa nikimtunza bibi wa miaka 88 huko Spiddal, pwani ya Galway, Ayalandi. Kikohozi kilinishika siku tatu, usingizi sipati. Asubuhi ya nne akanizuia mlangoni mwa jiko kwa mkongojo wake. "Kaa. Leo mgonjwa ni wewe."

Akatoa kabatini mfuko wa karatasi. Alipoufungua tu, harufu ya Paje, kwetu Zanzibar, ikanijia. Mwani mkavu! Mama yangu alilima mwani tangu kilimo chake kilipoanza kwetu mwaka 1989, nami kila bamvua nilifuatana naye pwani kufunga mbegu kwenye kamba.

Wa bibi haulimwi. Huchumwa miambani maji yakitoka sana, ukaanikwa majanini, upigwe na mvua na jua mpaka zambarau yake ipauke. Wenyewe huuita carraigín, mwamba mdogo. Akaroweka konzi moja, akauchemsha kwa moto mdogo mpaka maji yakawa mazito, akachuja, akakamulia limau na kutia asali. Huku akinisimulia kuwa mwaka 1938 watoto wa shule walipewa kazi ya kuandika mambo ya wazee wao, naye akaandika dawa za bibi yake: mafuta ya bata bukini ya kuchua kifua, flana nyekundu ya kufunga shingoni, na huu mwani.

Nikanywa. Ule ute ukashuka taratibu, koo likapoa. Kikohozi hakikukatika siku ile, lakini usiku nililala.

"Na nyinyi kwenu mnaupikaje?"

Nikakosa la kumjibu. Kwetu hatukuupika. Tuliuanika, tukaujaza magunia, tukampimia mnunuzi kwa kilo, ukapanda meli. Wetu si aina moja na wake, lakini kinachotolewa humo, kile kinachotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, huitwa karajinani, na jina hilo limetoka kwenye carraigín. Miaka yote mama alikohoa kwa moshi wa kuni, na magunia yamejaa ukumbini. Mpaka leo jambo hili linaniuma.

Usiku ule, kabla sijalala, nikampigia simu. Nikamweleza yote, tangu kuroweka mpaka kuchuja. Akanyamaza kitambo.

"Limau na asali," akasema. "Tangawizi hakutia?"