Vitufe vya fonti kwenye Word yangu, na wateja waliovipanga

Mteja wa steshenari huku Chikongola, Mtwara, hasemi "nibadilishie fonti". Anakuja nyuma ya kiti chako, anainama, anagusa kioo cha kompyuta kwa kidole na kusema, "Dada, hapa yanenepe kidogo." Au, "Haya yamekaa kiofisi mno, weka yale ya harusi." Kazi yako ni kujua anataka nini na kumwekea kabla hajaanza kuangalia saa. Nyuma yake kuna wa kutoa kopi ya kitambulisho, kuna wa picha za pasipoti, na kuna kijana wa maombi ya kazi ambaye mwisho wa kutuma ni leo saa sita usiku na barua hajaanza kuiandika.

Sasa Word jinsi inavyokuja dukani haimjui mteja huyu. Fonti zimepangwa kwa alfabeti, Times New Roman iko mbali kule chini, na ukishuka nayo kwa mausi unapita majina ambayo hakuna mtu Mtwara nzima amewahi kuniomba. Ndiyo, unaweza kuandika "tim" kwenye kisanduku cha fonti ikajikamilisha yenyewe. Kwa mtu anayechapa barua moja kwa wiki hiyo inatosha. Kwa anayeshinda hapa toka asubuhi mpaka magharibi, haitoshi.

Nilichofanya ni kukaa chini na kujiuliza ni fonti gani hasa zinaombwa kwenye hili duka. Jibu lilikuwa fupi: Times New Roman, Arial, Arial Black, Comic Sans, na moja ya mapambo. Basi. Mashine ina mamia, watu wanataka tano. Kwa hiyo sikutafuta njia ya kufungua orodha haraka zaidi, nilitafuta njia ya kutoifungua kabisa.

Njia ya kwanza ni kibodi, na nashangaa watu wengi wanaochapa kwa riziki hawaijui. Unaingia File, unakwenda Options, halafu Customize Ribbon. Usihangaike na orodha mbili kubwa zilizoko hapo, angalia chini kabisa kushoto, pana maneno Keyboard shortcuts na kitufe cha Customize. Dirisha dogo litafunguka. Upande wa kushoto shuka mpaka karibu na mwisho, utakuta Fonts imekaa pamoja na Macros na Styles. Ukiibofya, kulia zinatokea fonti zote za mashine. Chagua unayoitaka, weka kishale kwenye kisanduku cha Press new shortcut key, bonyeza vitufe unavyotaka viwe vyake, kisha Assign.

Hapo kabla ya Assign soma kamstari kadogo kanakosema vitufe hivyo tayari vina kazi gani. Mimi Times nilitaka iwe Ctrl+Alt+T, Word ikaniambia hiyo ni ya alama ya ™. Nikacheka. Tangu nianze kazi hii sijaona mteja wa Mtwara anayetaka ™ kwenye barua ya kuomba ruhusa, nikaichukua. Lakini Ctrl+Alt+C, ambayo ni ya alama ya ©, niliiacha, kwa sababu kuna vijana wa studio wanaotengeneza makasha ya nyimbo wanaitaka kila mara.

Kwa nini Times ndiyo niliyoianza? Kwa ajili ya walimu. Fonti hii ilitengenezwa kwa gazeti la The Times la London na ikaanza kutumika humo mwaka 1932, na safu ya gazeti ni nyembamba, kwa hiyo herufi zake zimebanwa ili maneno mengi yaingie. Kiswahili nacho maneno yake marefu. Mwalimu akija na mtihani wa Uraia ambao mwenzake ameuchapa kwa Arial 12, na sentensi tatu za mwisho zimeangukia ukurasa wa tatu, mimi nabonyeza Ctrl+A kuchagua maneno yote, halafu Ctrl+Alt+T, na zile sentensi tatu mara nyingi zinarudi nyumbani ukurasa wa pili. Darasa lina wanafunzi 90, kopi shilingi 100, hesabu mwenyewe. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi sasa hivi haombi hata, anasema tu, "Dada, ubane kama siku zote."

Walimu wa darasa la kwanza ni wengine kabisa, na hapa ndipo nilipolazimika kujifunza zaidi ya kibodi. Wao wanataka "a ya ubaoni". Angalia herufi a ya Times au Arial: ina tumbo, na juu yake ina kofia iliyojikunja. Mtoto aliyefundishwa kuandika a kwa duara na kijiti pembeni akiiona hiyo yenye kofia anaiona herufi ngeni. Comic Sans ina a ya duara na kijiti. Wataalamu wa usanifu wanaicheka Comic Sans dunia nzima, na mimi nikiiona kwenye barua ya kuomba kazi naiondoa bila kuuliza, lakini kwenye zoezi la kusoma la mtoto wa miaka sita sina ugomvi nayo. Century Gothic pia ina a ya namna hiyo, tatizo lake ni pana, inakula karatasi.

Lakini mwalimu huyu hataki fonti peke yake. Anataka Comic Sans, ukubwa 20, na mistari iachane ili mtoto aweze kufuatisha kwa kidole. Hayo ni mambo matatu, na kitufe cha fonti kinafanya moja. Hapo ndipo niliposogea kwenye ule upauzana mdogo wa juu, wenye alama ya kusevu na ya kurudisha nyuma, ambao Word imekuwa nao tangu toleo la 2007. Wazee wa kazi watakumbuka kwamba kwenye Word 2003 ulikuwa unaikamata fonti yenyewe kutoka kwenye orodha na kuiburuta mpaka kwenye upauzana, ikakaa pale kama kitufe. Walipoleta riboni, ule utepe mpana wa vitufe juu ya ukurasa, huo utamu ukaondoka. Siku hizi upauzana unakubali kisanduku kizima cha fonti, haukubali fonti mojamoja, mpaka uipitishie kwenye makro.

Makro jina linatisha kuliko kazi yake. Unaiambia Word "niangalie ninavyofanya", unafanya mara moja, unaiambia "basi", na kuanzia hapo inarudia yenyewe. Unahailaiti maneno kwanza, unakwenda View, Macros, Record Macro, unaipa jina lisilo na nafasi katikati, mimi niliiita DarasaLaKwanza. Pale pale inakuuliza kama unataka iwe kitufe cha upauzana au njia ya kibodi. Chagua Button, iongeze kwenye orodha ya kulia, bonyeza Modify uichagulie picha. Picha zenyewe ni za ajabu ajabu, mimi nilichukua sura inayocheka. Kisha OK, badilisha fonti, ukubwa na nafasi ya mistari, rudi Macros, Stop Recording.

Kuna jambo ambalo sijaona mtu akilisema wazi, nalo ndilo linaloharibu makro za wengi. Ukibadilisha fonti kupitia kile kisanduku cha Home, makro inarekodi jina la fonti tu. Ukibadilisha kupitia dirisha la Font, linalofunguka kwa Ctrl+D, makro inabeba kila kitu kilichomo kwenye dirisha lile: ukubwa, rangi, wino mzito, mlalo, mstari chini, vyote. Matokeo yake unakibonyeza kitufe cha Arial kwenye barua yenye kichwa kilichokolezwa, na kichwa kinapoteza ukolezo wake, unabaki unailaumu kompyuta. Kwa hiyo kitufe cha fonti tupu kirekodi kwa kisanduku cha Home. Kwa DarasaLaKwanza pia nilitumia visanduku vya Home, cha fonti na cha ukubwa, ili kama mwalimu ameshakoleza neno fulani, libaki limekolea.

Ukimaliza, bonyeza Alt uiachie. Utaona vitarakimu vimetokea juu ya kila kitufe cha upauzana. Cha kwanza ni Alt+1, cha pili Alt+2. Panga vitufe kwa jinsi wateja wanavyokuja, usipange kwa uzuri. Mimi ile sura inayocheka iko namba moja wiki za mitihani, na ikifika Oktoba naishusha.

Oktoba ni korosho. Minada ikianza, makatibu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wanakuja na karatasi zilizoandikwa kwa kalamu, matangazo ya kubandika ukutani ghalani, na hapo hakuna anayetaka mambo ya Times. Wanataka mkulima aliyesimama nyuma ya watu asome bei ya kilo bila kusukumana. Arial Black, ukubwa 48 kwenda juu. Ukubwa nao usiuendee kwa mausi: Ctrl+Shift+> inaruka hatua kubwa, 28, 36, 48, 72, na Ctrl+] inapanda moja moja. Naruka kwanza, halafu naenda moja moja mpaka neno la mwisho linapokaribia kukatika mstari, narudi moja kwa Ctrl+[. Katibu anasimama mlangoni, mbali kidogo na kioo, ananiambia "ongeza… ongeza… hapo." Hiyo ndiyo njia ya kupima tangazo, kusimama mbali nalo, na ni yeye aliyenifundisha.

Halafu kuna kadi. Kadi za harusi, za mkole, za watoto wakitoka jandoni, msimu wake ndio ule ule wa pesa za korosho. Mama mmoja kutoka Shangani alikuja akitaka kadi nzima iwe kwenye zile herufi za mapambo zinazojikunja.

"Mwanangu, yote weka yale ya kamba kamba."

"Shikamoo mama. Ya kamba kamba tuweke majina ya maharusi. Mahali na saa tuweke ya kawaida, wageni wasije wakaishia Mikindani."

"Marahaba. Sasa si watasema nimebana matumizi?"

Tukakubaliana majina na neno la kwanza la kadi. Kitufe cha mapambo nilikiwekea Monotype Corsiva, inasomeka hata ikichapwa kwa mashine yenye wino unaoelekea kuisha. Edwardian Script ni nzuri zaidi kwa macho, lakini ukiiandika kwa herufi kubwa tupu, na watu wanapenda jina la baba liwe kwa herufi kubwa tupu, hakuna atakayejua ni Hamisi au ni Namisi. Hilo nakataa, hata mteja akinuna.

Wanafunzi wa chuo wenye tafiti zao ndefu siwatumii vitufe hivi. Waraka wa kurasa 60 ukianza kuubadilisha kipande kwa kipande utakesha. Hao nawarekebishia Styles: Normal ikiwa Times 12, vichwa vikiwa Heading 1 na Heading 2, unabadilisha mahali pamoja na waraka wote unafuata. Wengi wanaleta kazi zilizochapwa kwenye Word mpya ambayo tangu 2023 fonti yake ya kuanzia ni Aptos. Mashine yangu ni ya zamani, Aptos haina, inaweka nyingine badala yake na kurasa zinahama, yaliyomo yanasema ukurasa wa 14 na sura imeanza wa 15. Nikiona Aptos kwenye kisanduku, nashika mtindo kabla ya kugusa kitu kingine.

Mashine ya pili dukani ina LibreOffice, programu ya bure ya kuchapia inayofanana na Word. Huko hakuna kategoria ya fonti kwenye kibodi, ila unaweza kutengeneza mtindo wako, kisha Tools, Customize, Keyboard, ukaupa mtindo huo vitufe. Inafanya kazi vizuri, ingawa kwa haraka haraka vidole vyangu bado vinatafuta vya Word.

Ukitaka kuhamishia mpangilio wako kwenye kompyuta nyingine ya Word, kitufe cha Import/Export kilichoko kwenye Customize Ribbon kinachukua upauzana na riboni tu, na ukiviingiza kwenye mashine nyingine unafuta mpangilio uliokuwepo. Njia za kibodi na makro zinakaa kwenye faili linaloitwa Normal.dotm. Funga Word, linakili hilo kwenye flashi pia, la sivyo mashine mpya itakuwa na vitufe vizuri visivyofanya lolote. Na kama kitufe kinafanya kazi lakini wakati wa kurekodi mausi iligoma kuhailaiti maneno, hiyo si hitilafu, Word hairuhusu wakati wa kurekodi. Hailaiti kwanza, au tumia Shift na mishale.