Kabla Hujalipia Fremu, Jipime

Anayetaka kuacha kazi afungue duka la vyakula huuliza kwanza mtaji. Mtaji ni muhimu, lakini maduka ya mtaani huuawa zaidi na mwenyewe asiyejua ipi hela yake na ipi ya duka.

Chukua duka linalouza 150,000 kwa siku, faida ya wastani asilimia 10. Hiyo ni 15,000 kwa siku, 450,000 kwa mwezi usipofunga hata siku moja. Toa kodi ya fremu, tuseme 100,000. Toa umeme, mifuko na bodaboda ya kubebea mzigo, 50,000. Zinabaki 300,000, yaani 10,000 kwa siku, basi. Jioni mwenye duka anafungua droo, anakuta laki na nusu, anachomoa 20,000 ya nyumbani. Machoni ni hela ndogo, kumbe kila mwezi anakula 300,000 ya mtaji. Kama alianza na bidhaa za milioni 2, mwezi wa saba rafu zina viberiti na chumvi. Na huenda asifike huko, maana bidhaa zikipungua wateja nao wanahamia kwa jirani.

Jaribu ukiwa bado na mshahara: siku 30, tumia 10,000 kwa siku, andika kila kitu papo hapo, hadi vocha na nauli. Ukianza kukadiria, au ukachota akiba kwa ahadi ya kurudisha Ijumaa, ujue dukani utafanya hivyo hivyo.

Kingine ni mkono wako kwenye mizani. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukiuzwa robo robo, utapima mara 200. Zidisha gramu 5 kila robo, kilo nzima imeondoka. Kama kilo unauza 3,000 na faida yake ni 200, mfuko mzima ulikuwa ukuingizie 10,000. Karibu theluthi umeigawa bure. Ukarimu wa namna hii hakuna hata anayekushukuru.

Madeni nayo. Shangazi atakuja kuchukua unga, na mwisho wa mwezi utaona haya kumdai. Kama hujawahi kumdai ndugu hadi akalipa, anza kukataa mapema: madeni yote kwenye daftari yasizidi faida ya wiki moja.

Masaa usiyachukulie poa. Kufungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 4 usiku ni saa 16 za kusimama, na wateja wa mkate hawakusubiri uamke. Omba kwa mwenye duka umsaidie kuuza Jumamosi nne mfululizo, kutwa nzima.

TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA, mamlaka ya mapato, na leseni ya halmashauri ni za kufuatilia tu, hazikupimi wewe. Fremu ndiyo ya kuogopa: wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 au mwaka kwa mkupuo, na ukikata tamaa mwezi wa pili, usitegemee kurudishiwa.